Ukuta Husomwa Getini

Mazungumzo yetu leo ni ya kuta.

Ukishaiacha Kahawa Sukari nyuma ukielekea Thika, tazama kushoto au kulia, utakavyo. Utakutana na ukuta wa mawe ya Ndarugu, yale ya kukatwa kwa mashine, tisa kwa tisa, umefungwa bimu ya zege juu, na juu ya bimu kuna nyaya za umeme na kibao cha manjano cha kukuonya usijaribu. Ukuta huo ukiisha, mwingine unaanza. Ndani yake kuna nyumba ishirini, au hamsini, au mia mbili, paa moja na rangi moja, na mtaa umepewa jina la maua au la mto wa Uingereza ambao haujawahi kupita Ruiru. Hapa kwetu mtaa wa namna hiyo twauita koti. Mtu akikwambia anakaa kotini, kando ya Kamakis, unajua ana ukuta, ana geti, na ana soja.

Sisemi haya kwa dharau. Mimi mwenyewe nakaa kotini. Watu walihitaji mahali pa kukaa. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi Novemba 2012, Ruiru ikawa jirani ya Nairobi, na mashamba ya kahawa yakaanza kupimwa kwa futi hamsini kwa mia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru, mji wa nne kwa watu nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Miaka kumi kabla ya hapo haukufika hata robo milioni. Thika, ambayo sote tulikua tukiijua kuwa ndiyo mji wa viwanda na mananasi, ilikuwa na watu 251,407. Na pale Tatu City, kwenye eka zipatazo 5,000 zilizokuwa za kahawa, panajengwa mji kamili wenye shule, maghala, viwanda na makazi, na kuuingia unapitia getini. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya miji yenye kuta, Ruiru si mahali pa kuangalia kwa mbali. Sisi ndio wajenzi wakubwa wa kuta Kenya nzima, na mawe tunayachimba wenyewe.

Lakini tunajua kuzijenga kuliko tunavyojua kuzisoma. Hilo ndilo lililonipeleka safari ninayotaka kuwasimulia.

Ilianzia kwenye simu. Binamu yangu anafanya kazi Italia, mkoa wa Toscana, ya kuwatunza wazee, kama wanavyofanya Waafrika wengi kule. Siku yake ya mapumziko alipelekwa kutembea mahali panaitwa Monteriggioni, akanitumia picha. Kilima kidogo katikati ya mizabibu na mizeituni, na juu yake ukuta wa mawe wa duara, umbali wa mita 570 ukiuzunguka, una minara 14 inayochomoza. Ndani ni uwanja mmoja, kanisa moja, nyumba chache, maduka ya aiskrimu. Chini ya picha akaandika: na nyinyi huko mna nini cha hivi?

Nilisoma habari za mji huo kabla ya kumjibu. Watu wa Siena waliujenga kati ya mwaka 1213 na 1219 kuwazuia maadui wao wa Firenze, mji jirani. Mshairi Dante aliitaja minara hiyo katika utenzi wake wa Jehanamu, akaifananisha na majitu. Una malango mawili tu, moja linatazama Siena na Roma, jingine linatazama Firenze. Kwa zaidi ya miaka 300 majeshi yalifika chini ya ukuta ule, na ukuta ukasimama. Kisha mwaka 1554, Firenze na Siena wakiwa vitani tena, kapteni aliyeachiwa ulinzi, Giovannino Zeti, yeye mwenyewe mzaliwa wa Firenze aliyekuwa uhamishoni, akawakabidhi maadui funguo za mji. Hakuna jiwe lililobomolewa. Watu wa Monteriggioni walikuwa na ukuta mnene, minara 14 na mlinzi mmoja mwenye funguo na sababu zake.

Hapo ndipo nilipoanza kuamini jambo moja, na tangu hapo sijaliacha: ukitaka kujua ukuta ni wa nini, usiutazame ukuta. Nenda getini. Tazama nani anafungua, saa ngapi, nani anaulizwa na nani anapita bila kuulizwa. Jengo lote limeandikwa pale.

Basi nikamjibu binamu kwamba tunao mji wa kuta juu ya kilima, tena uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2018. Naye akaniuliza kama nimewahi kufika. Swali hilo lilinikaa kooni. Watu wa Thika tunajua njia ya kwenda Dubai kuliko njia ya kwenda Migori.

Mji huo ni Thimlich Ohinga, uko kaunti ya Migori, kama kilomita 46 kaskazini magharibi ya mji wa Migori, si mbali na Ziwa Victoria. Basi tukafunga safari. Tulipitia Homa Bay, tukalala, asubuhi tukashika njia ya Rodi Kopany na Ndhiwa. Lami ikaisha, vumbi likaanza. Mwenzangu mmoja wa safari, fundi wa mawe wa Juja, mtu ambaye maisha yake yote amekula kwa mwiko na timazi, alilalamika njia nzima kwamba anapelekwa kutazama mawe ilhali mawe anayo nyumbani. Ndiyo sababu nilimchukua. Nilitaka mtu asiyeshangazwa na mawe.

Unapokaribia huoni ngome. Unaona mteremko mpana, vichaka, na miti ya euforbia iliyonyoosha matawi juu, ile ya utomvu mweupe unaounguza macho. Kisha unagundua kwamba kijivu kile unachokiona nyuma ya vichaka ni ukuta, na kwamba umekuwa ukiutazama kwa muda bila kujua. Kimo chake kinatofautiana, pengine mita moja na nusu, pengine hadi mita nne na nusu, na unene wa mita moja, mahali pengine zaidi. Uzio mkubwa kuliko yote unaitwa Kochieng. Karibu yake kuna Kakuku, Koketch na Koluoch. Hakuna mstari ulionyooka mahali popote. Ukuta unakwenda kwa kupinda, unajibonyeza ndani, unatoka nje, na penye udhaifu umeegemezwa kwa mawe zaidi.

Fundi wetu alinyamaza. Akauendea ukuta, akaweka kiganja, akasukuma. Akachuchumaa kutafuta udongo katikati ya mawe. Hakuna. Hakuna udongo wala chokaa, wala tone la saruji. Mwongozaji wa Makavazi ya Kitaifa akaeleza jinsi ulivyojengwa: safu ya nje ikapangwa kwa mawe makubwa yanayoshikana, safu ya ndani vivyo hivyo, kisha katikati pakajazwa mawe madogo, na yale madogo ndiyo yanayozifunga safu mbili zisiachane. Ulijengwa yapata karne ya 16. Fundi akauliza swali moja tu: "Na nani alikuwa akirekebisha?" Kwa sababu ukuta wa namna hiyo, alisema, haukubali kuachwa. Ng'ombe akijikuna, mzizi ukipenya, mvua ikichimba, lazima mtu aje kesho yake arudishe jiwe.

Jibu la swali hilo ndilo lililonipendeza kuliko ukuta wenyewe. Walioishi Thimlich hawakuwa kabila moja wala ukoo mmoja. Watu wa lugha za Kibantu na watu wa lugha za Kiniloti walipokezana mahali pale kwa karne kadhaa. Kundi likihama, jingine linaingia, linakuta ukuta una mashimo, linauziba kwa ufundi uleule wa waliotangulia. Hivyo ndivyo ulivyofika hadi karne ya 20 ukiwa na watu ndani yake. Na si uzio mmoja wa ajabu uliobaki peke yake. Eneo lile la kusini mwa Nyanza lina zaidi ya miundo 500 ya mawe kama hiyo, mingi imeanguka, imemezwa na vichaka. Mwaka 2000 Thimlich iliwekwa kwenye orodha ya dunia ya mahali pa kale palipokuwa hatarini kupotea. Baadaye sehemu zilizoanguka zikainuliwa tena.

Wapenda methali wameshaanza kunong'ona juu ya ufa na ukuta. Nawasikia. Twendeni langoni.

Lango la Kochieng ni la kuinama. Mtu wa kimo cha kawaida hawezi kupita amesimama. Juu umelazwa ubao wa jiwe, na pande zote mbili mawe yamekaza njia, kiasi kwamba unaingia mmoja mmoja, umetanguliza kichwa, shingo imejitokeza. Mwongozaji alituachia tuingie kwanza, kisha akatuuliza tungefanya nini kama ndani kungekuwa na mtu mwenye rungu. Tulicheka, lakini kila mmoja alijishika kisogo. Karibu na lango, kwa ndani, kuna mawe yaliyoinuliwa ambapo mlinzi alisimama kuangalia nje, juu ya ukuta. Ng'ombe walilala katikati ya uzio na nyumba zikawazunguka; bado unaona mabonde ya duara pale nyumba ziliposimama, na mawe ya kusagia nafaka. Kwenye jiwe moja kuna vishimo vya bao, ambalo wenyeji huliita ajua. Nilipenda kujua kwamba ulinzi haukuwachosha kiasi cha kutocheza.

Sasa angalia lango hilo linasema nini. Linamwinamisha kila mtu. Mgeni anainama, mwenye mji anainama, mzee mwenye ng'ombe mia anainama. Hakuna lango la wenye magari na lango la waendao kwa miguu. Na mlinzi aliye juu ya jiwe ni mtoto wa mle ndani. Ng'ombe akiibwa, ni ng'ombe wa baba yake. Kochieng ina malango matatu. Nitalirudia hilo la matatu baadaye, kwa sababu ya kesi iliyo mbele yangu.

Niseme kidogo juu ya Gedi, maana najua wapo wanaosikiliza ambao wamekwenda Watamu kwa harusi na wakapelekwa pale kutazama magofu. Gedi ni mji wa Waswahili wa zama zilezile za Monteriggioni, na kilele chake kilikuwa karne ya 15. Una kuta mbili, ya nje na ya ndani. Ndani ya ukuta wa ndani kuna kasri, msikiti mkubwa na nyumba za mawe ya matumbawe. Nje ya ukuta huo waliishi wengine, kwenye nyumba za udongo ambazo hazikuacha kitu. Mtaalamu James Kirkman alianza kuchimba pale mwaka 1948, na mwaka 2024 Gedi nayo ikaingia orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa hiyo habari ya ukuta ndani ya ukuta, wenye nacho huku na wasio nacho kule, hatukuletewa na madalali wa viwanja. Kinachonichekesha ni kwamba Waitalia wamejaa Watamu na Malindi, wamefungua mikahawa, wamejenga nyumba. Wameacha miji yao ya kuta juu ya vilima wakaja kukaa mlangoni pa mji wetu wa kuta, na wengi wao wanaujua kuliko sisi.

Waitalia wengine walikuja hapa kwetu bila kupenda. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliwaweka mateka wa Kiitalia Ndarugu, hapohapo yanapotoka mawe yetu, kwenye kambi ya seng'enge. Wenzao wa kambi nyingine ndio waliotumiwa kujenga barabara ya kuteremka Bonde la Ufa, na wakajenga lile kanisa dogo la Mai Mahiu mwaka 1942. Ndarugu ilikuwa na uzio wake kabla Ruiru haijawa na wake.

Lakini kuna uzio mwingine, na huu ndio nisioweza kuupita haraka, kwa sababu uko nyumbani na hauna kibao cha UNESCO.

Panda kutoka Thika kuelekea Gatanga, au kutoka Ruiru kuelekea Gatundu. Nchi inakuwa ya migongo, mgongo na bonde, mgongo na bonde. Zamani watu wa migongo ile hawakuishi kijijini. Kila familia ilikuwa na boma lake kwenye shamba lake, mbali na jirani. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari, na kuanzia katikati ya 1954 ikaamuru watu wahamishwe kwa lazima waishi pamoja vijijini, ili wapiganaji wa Mau Mau walioko msituni wasipate chakula wala habari. Katika muda usiozidi miezi kumi na minane hivi, watu zaidi ya milioni 1 walikuwa wamehamishiwa vijiji zaidi ya 800. Vijiji vingi viliwekwa juu ya migongo, mahali pa kuonekana. Vilizungushiwa handaki lenye vigingi vya mianzi vilivyochongwa ncha, na seng'enge, na kando yake kituo cha homugadi, wale wenyeji waliofanywa walinzi wa serikali, chenye mnara wa kuangalia. Mji wa ngome juu ya kilima, tena katika nchi ambayo haikuwa na desturi hiyo.

Nani alichimba? Wanawake, kwa sehemu kubwa, kwa sababu wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Mama mmoja mzee wa upande wa Gatanga alinieleza, huku akichambua maharagwe bila kuyatazama, kwamba walianza kuchimba alfajiri kwa kipenga na kumaliza kwa kipenga. Udongo waliubeba kwa karai kichwani. Waliporuhusiwa kwenda shambani ilikuwa kwa saa chache, wote pamoja, na homugadi nyuma yao; kisha langoni wakahesabiwa wakirudi. "Shimo lilikuwa letu," alisema, "na daraja lilikuwa lao." Nilimwomba arudie, nikidhani sikusikia vizuri. Akarudia kisha akaniuliza kama nitakunywa chai au uji.

Soma lango hilo. Mianzi imechongwa kumwelekea adui wa nje, lakini mlinzi anatazama ndani. Ukiwa hewani juu ya kijiji usingeweza kukitofautisha na ngome ya kulinda watu. Ukisimama langoni jioni wakati wa kuhesabiwa, ungejua mara moja kwamba ni ngome ya kulinda wengine dhidi ya hao watu. Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960. Mahandaki yakafukiwa au yakajaa yenyewe, watu wengine wakarudi mashambani, wengine walikuta mashamba yamepimwa upya na si yao tena. Vijiji vingi vilibaki. Mpaka leo katika kaunti za kati wapo wanaoishi kwenye vile vinavyoitwa vijiji vya kikoloni, kwenye vipande vidogo, wakidai hatimiliki. Nimepita baadhi yake kwenda mazishini. Sijaona hata kibao kimoja cha kusema hapa palikuwa na handaki. Migori wamejua kuyatunza mawe yao. Sisi tumepanda ndizi juu ya mitaro yetu na hatuwaambii watoto.

Haya, turudi Ruiru, kwenye kaunta buku.

Kila aliyewahi kumtembelea ndugu kotini anaifahamu. Iko juu ya meza ndogo ndani ya kibanda, jalada jeusi, kalamu imefungwa kwa uzi. Soja anataka jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, unakwenda nyumba gani, umeingia saa ngapi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data, inayosema habari za mtu hazikusanywi ovyo wala kuachwa ovyo. Juzi nilikwenda kumwona mgonjwa kwenye mtaa mmoja ambao sitautaja. Nikapewa kaunta buku. Kabla ya jina langu nilisoma majina ya wote waliotangulia siku ile, simu zao, na nyumba walizokwenda. Aliyewahi kwenda nyumba nambari fulani saa nane mchana na kutoka saa kumi, sasa namjua. Ukuta wenye umeme, na siri zote za ndani ziko mezani nje, zinasomwa na muuza mitungi ya gesi.

Hebu tazama pia nani anaandikwa. Gari la rangi ya kumeta likija, kizuizi kinainuliwa, soja anapiga saluti, kitabu hakifunguliwi. Mwenye bodaboda anaacha kitambulisho. Mama anayekuja kufua anasimama pembeni na wenzake tangu saa moja asubuhi mpaka mwenye nyumba apige simu kusema naam, namjua, na jioni mfuko wake unafunguliwa akitoka. Yule fundi wangu wa Juja aliyewahi kunyamaza mbele ya Kochieng aliniambia kwamba yuko mtaa mmoja ambao yeye ndiye aliyeshika timazi kwenye nguzo za geti. Alipokwenda kudai salio lake, aliandikwa kwenye kitabu, mstari wa sababu ya ziara. Nikamuuliza aliandika nini. "Niliandika: nguzo."

Na soja mwenyewe? Analetwa na kampuni, mwezi huu yuko hapa, mwezi ujao yuko Juja. Analala Kimbo, chumba kimoja. Hana ng'ombe ndani ya boma hilo. Sisemi kwamba ni mtu mbaya. Nasema tumempa funguo za mji ambao yeye ana kibanda tu, na mshahara ambao sisi wenyewe tungeukataa. Nikisikia koti fulani limeingiliwa usiku bila waya kukatwa, namkumbuka kapteni Zeti, na pia namkumbuka yule aliyempa kapteni Zeti kazi.

Wapo watakaonijibu kwamba nazungumza kwa raha ya mtu ambaye hajavunjiwa. Nimewasikia, na hoja yao si ndogo. Ujambazi wa usiku ulikuwepo, na upo. Mama anayerudi saa tatu usiku kutoka kazini Nairobi anashuka stejini, anatembea kwenye giza, na akishapita geti anaanza kupumua. Pumzi hiyo ni ya thamani na siwezi kuidharau. Watu wa Thimlich nao hawakupanga mawe mamilioni kwa sababu ya urembo. Kulikuwa na wezi wa ng'ombe, kulikuwa na fisi na chui. Kwa hiyo tusigombane juu ya kuwapo kwa ukuta. Tugombane juu ya geti, kwa sababu geti ni uamuzi unaofanyika upya kila asubuhi, na ukuta ulishafanyika.

Na huo ugomvi ndio ninao. Mtaa wetu una geti kubwa upande wa barabara ya bypass. Nyuma kuna mlango mdogo wa chuma, umefungwa kufuli tangu niingie hapa. Kabla ya ukuta, pale palikuwa njia ya miguu ya watoto kutoka vijumba vya ng'ambo kwenda shule ya msingi iliyo upande huu. Sasa watoto hao wanazunguka mtaa mzima kwa kando ya bypass, malori ya mchanga na mawe yakiwapita, na kiangazi wanafika na vumbi hadi kwenye kope. Nimependekeza kwamba mlango ule ufunguliwe saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, na tena saa tisa hadi saa kumi na moja jioni, soja mmoja akisimama pale, na njia iwekewe wavu pande mbili ili wanaopita wasiingie kwenye nyumba. Gharama nimeipiga: kwa kila nyumba ni chini ya bei ya mkate mmoja kwa wiki.

Wanaopinga wanasema ukuta wenye milango miwili ni nusu ya ukuta. Mimi nitawaambia kwamba Kochieng ina mitatu, na imesimama kwa karne nne na zaidi. Jirani yangu wa nyumba ya pembeni, mstaafu wa benki, anaogopa bei ya nyumba itashuka. Mke wake, kwa sauti ndogo alipokuwa akinisindikiza, alisema yeye angependa mlango ufunguliwe kwa sababu mama anayemfulia anatoka ng'ambo hiyohiyo na huchelewa kwa kuzunguka. Kura ni moja kwa kila nyumba, na bado sijui nyumba ile itapiga ipi.

Mkutano wa wakazi ni Jumamosi hii, saa kumi, chini ya tangi la maji. Suala la mlango ni la nne kwenye ajenda, baada ya pampu ya kisima, takataka, na mbwa wa mtu fulani. Mwenyekiti amenikubalia dakika tano, kwa sharti kwamba nisianze na habari za Italia.